Asali ya Kigwa

Katika njia kuu ya zamani itokayo Bagamoyo kwenda Ujiji, msafiri aliyekwisha kuvuka pori la Mgunda Mkali alifika kwanza Tura, iliyokuwa mlango wa Unyamwezi. Kisha Rubuga, kisha Kigwa. Na akitoka Kigwa hakuwa mbali tena na Unyanyembe, ulipo mji wa Tabora. Lakini kabla ya kufika huko ilimpasa kupita msitu wa Kigwa. Richard Burton, Mwingereza aliyepita hapo mwaka 1857, aliandika kwamba msitu ule ulikuwa na sifa mbaya kwa ajili ya wanyang'anyi. Henry Stanley naye alipopita mwaka 1871 alikuta Kigwa imeharibiwa kwa vita. Hivyo ndivyo jina la Kigwa lilivyoingia katika vitabu vya wageni, kama jina la hofu. Wenyeji walikuwa na habari nyingine ya msitu huo. Juu ya miti ile ile ambayo wapagazi waliipita mbio huku wakitazama nyuma, ilikuwa imetundikwa mizinga ya nyuki.

Siku hizi Kigwa ni kata katika Wilaya ya Uyui, upande wa mashariki wa mji wa Tabora, na sehemu ya msitu imo katika hifadhi iitwayo Kigwa-Rubuga. Wanyang'anyi wamekwisha sahauliwa. Nyuki wangaliko, na asali ya nchi ya Tabora hujulikana mbali. Lakini mtu akiuliza kama asali hiyo inazidi au inapungua, hapati jibu upesi. Na sababu ya kukosa jibu yafaa ielezwe polepole, tangu uani mpaka sokoni.

Msitu wa Unyamwezi ni wa miombo. Mtu asiyeujua huuona kuwa pori tupu: udongo wake ni wa mchanga, hauna rutuba nyingi, mbung'o wamewazuia ng'ombe katika sehemu zake nyingi, na mvua hainyeshi ila tangu Novemba hata Aprili. Lakini kwa nyuki pori hilo ni shamba. Miti yake mikubwa, yaani mtundu, muba na myombo, ni ya jamaa moja na kunde na maharagwe, ingawa mtu akiitazama urefu wake hawezi kudhani hivyo. Maua yake ni madogo, wala hayana uzuri wa kumsimamisha mtu njiani. Ila yana maji matamu. Mtundu huchanua mwisho wa kiangazi, kabla mvua haijaanza, wakati majani machanga ya msitu yanapong'aa kwa wekundu. Muba huchanua mvua zinapokaribia kwisha. Kwa hiyo warina asali wa Tabora wana mavuno mawili: madogo katika Novemba na Desemba, na makubwa tangu Mei hata Julai.

Maji ya maua si asali bado. Nyuki huyafyonza kwa ulimi wake mrefu, huyachukua katika mfuko ulio ndani ya tumbo, na afikapo mzingani humpa nyuki mwenzake, naye huyatoa na kuyameza mara nyingi, kisha huyatia katika vyumba vya sega. Hapo nyuki wengi hupunga mabawa yao usiku na mchana ili upepo uyakaushe. Yakiisha kuwa mazito, hata katika sehemu 100 maji hayafiki 20, nyuki hukifunika chumba kwa kifuniko cha nta. Mrina asali mwenye ujuzi hutazama vifuniko hivyo. Sega lisilofunikwa lina asali mbichi, nayo itachacha kabla ya kufika sokoni. Sega lililofunikwa laweza kukaa miaka. Wajuzi wa nyuki wamehesabu kwamba nyuki mmoja, katika maisha yake yote ya majuma sita hivi ya wakati wa kazi, huleta asali isiyofika hata sehemu ya kumi ya kijiko kidogo cha chai. Basi kijiko kimoja ni kazi ya maisha ya nyuki zaidi ya kumi.

Ili nyuki wapate mahali pa kukaa, Mnyamwezi huwatengenezea mzinga. Mizinga ya desturi ni ya namna mbili. Wa kwanza ni mzinga wa gogo: hukatwa kipande cha mti, hupasuliwa kwa urefu, huchimbwa ndani hata kiwe kama mtumbwi mdogo, na vipande viwili hurudishwa pamoja na kufungwa. Kazi yake ni ngumu, lakini mzinga huo hudumu miaka mingi. Wa pili ni mzinga wa gome. Mtu huchagua mti wenye shina lililonyoka, hulikata gome kwa kulizunguka juu na chini, hulipasua kwa urefu, na kulivua zima kama mtu avuavyo kanzu; kisha hulikunja tena liwe duara, huliziba miisho kwa majani au vipande vya gome, na kulishona kwa vijiti au kamba. Kazi hiyo yamalizika kwa muda mfupi, na mzinga ni mwepesi kupandisha mtini. Kwa hiyo watu wengi huupenda kuliko ule wa gogo.

Lakini mti uliovuliwa gome kwa kuzungukwa pande zote hauwezi kuishi. Chakula chake hushuka toka majani kwenda mizizi kwa njia ya gome lile. Njia ikikatwa, mizizi hufa kwa njaa, na mti hukauka ukiwa umesimama. Na mti wenyewe ni upi? Ni myombo, au mtundu, au muba. Ile ile inayowapa nyuki maua. Hesabu yake si ngumu. Tuseme mtu ana mizinga 100 ya magome, na kila mmoja hudumu miaka 4. Basi kila mwaka ahitaji mizinga mipya 25 ili hesabu yake isipungue. Na kama kila mti humpa magome ya mizinga miwili, kila mwaka miti 12 au 13 hufa kwa ajili yake. Zamani, watu walipokuwa wachache na msitu hauna mwisho, hasara hiyo haikuonekana.

Kurina ni kazi ya usiku. Nyuki wa Afrika ni wakali, na mchana wakichokozwa humfuatia mtu mbali, usiku hutulia. Mrina asali hupanda na kienge cha moshi, hupuliza moshi mdomoni mwa mzinga, hutoa masega yenye asali na kuyashusha kwa kamba. Mwenye busara huacha sehemu kwa ajili ya nyuki wenyewe, tena hayagusi masega yenye majana, maana akiyatoa hayo amewaua nyuki wa msimu ujao. Mwenye pupa huchanganya vyote ndooni, asali, majana na unga wa maua, kisha hushangaa mnunuzi anapokunja uso. Na wako wasiopuliza moshi tu, bali hutumia mwenge wa moto mkali. Cheche zikianguka katika majani makavu ya Julai, moto waweza kwenda siku mbili, ukala maua ambayo bado hayajachanua na mizinga ya watu wengine pia.

Asali hiyo ilikuwa chakula tangu zamani. Haiozi, haihitaji kupikwa, na yafaa kuliwa pamoja na ugali wa mtama, viazi au muhogo, hupakwa vidonda, na sehemu kubwa yake hufanywa pombe, ambayo namna yake moja huitwa wanzuki. Iliwekwa katika vibuyu na katika vilindo vya magome. Lakini haikuwa mali ya kupelekwa pwani. Katika nchi ya mbung'o punda na ng'ombe hawakufaa sana, hivyo vitu vyote vilichukuliwa kwa vichwa na mabega ya watu, na mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na kitu. Mpagazi hakuchukua safari ya miezi mitatu ila kitu chenye bei kubwa na uzito mdogo. Ndiyo sababu pembe za ndovu zilitangulia. Asali iliyotoka Unyamwezi ilikuwa ile iliyoliwa njiani.

Nta ilikuwa na bahati nyingine. Haimwagiki, haichachi, haivunjiki. Hukaa katika joto na mvua, ikaundwa madonge na kufungwa katika mkeka. Ulaya iliitaka kwa mishumaa, hasa ya makanisani, na kwa dawa za kung'arisha mbao na ngozi. Wakati wa utawala wa Wadachi nta ikawa mojawapo ya mali zilizotoka Tabora kwenda ng'ambo, na reli ilipofika Tabora kutoka Dar es Salaam mwaka 1912 njia yake ikawa rahisi zaidi.

Hapa ndipo jibu la lile swali la kwanza linapoanza kuonekana. Wajuzi hukadiria kwamba nyuki wa Tanzania wakitoa nta kilo 1 hutoa asali kilo 15. Basi kila mzigo mmoja wa nta uliokwenda pwani uliacha nyuma asali ya mizigo 15, ambayo ilikwisha kuliwa na kunywewa Unyamwezi bila karani yeyote kuiandika. Mwenye kutaka kujua habari za asali ya zamani hana kitabu kingine ila kile cha nta.

Jambo hili laeleweka vizuri zaidi likilinganishwa na zao jingine tamu la Afrika, nalo ni kakao. Hapa Tanzania kakao hupandwa sana Kyela, karibu na Ziwa Nyasa. Lakini makao yake makubwa ni Afrika ya Magharibi. Nchini Ghana, ambayo zamani iliitwa Gold Coast, husimuliwa habari za fundi mmoja, Tetteh Quarshie, aliyerudi kutoka kisiwa cha Fernando Po mwaka 1879 na mbegu za kakao, akazipanda Mampong. Kufika mwaka 1911 nchi ile ilikuwa ya kwanza duniani kwa kakao. Baadaye, katika miaka ya 1970, jirani yake Ivory Coast aliipita. Msimu wa 2020/21 Ghana ilivuna zaidi ya tani 1,000,000. Msimu wa 2023/24 mavuno yalishuka karibu nusu, kwa kuwa miti mingi ilikuwa mizee, ugonjwa wa virusi uvimbishao matawi ulienea, mvua hazikuja kwa taratibu, na mashamba mengine yalichimbuliwa na watafuta dhahabu. Mwaka 2024 bei ya tani moja katika masoko ya dunia ilipita dola 10,000.

Yote hayo yajulikana kwa sababu moja: mkulima wa kakao hali kakao yake. Haimfai kwa kitoweo wala kwa uji wa watoto. Karibu kila gunia huuzwa, hupimwa, hupita bandarini na kuandikwa. Kwa hiyo njaa ya viwanda vya Ulaya huonekana siku ile ile katika vitabu. Asali ya Unyamwezi ni kinyume chake. Ikipungua, anayejua kwanza ni mama anayeinamisha kibuyu na kusikia kwamba ni kitupu, naye habari yake haiandikwi popote. Ni vema watu wakila matunda ya nchi yao wenyewe, na katika hilo Mnyamwezi amemshinda mkulima wa kakao. Lakini chakula kisichohesabiwa chaweza kupotea kimya kimya.

Ushahidi wa ugumu huo uko katika hesabu zenyewe. Katika miaka ya mwanzo ya karne hii, vitabu vya Serikali ya Tanzania vilitaja asali isiyofika tani 5,000 kwa mwaka. Kwa miaka ile ile, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitaja zaidi ya tani 20,000. Nyuki walikuwa wale wale. Mmoja alihesabu kilichoonekana sokoni, mwingine alijaribu kukadiria pamoja na kile kilicholiwa nyumbani. Hesabu za miaka ya karibuni hutaja tani 30,000 na zaidi kidogo, na kuiweka Tanzania ya pili katika Afrika baada ya Ethiopia. Tena Serikali imekadiria kwamba misitu na mapori ya nchi yaweza kutoa tani 138,000 za asali na tani 9,200 za nta kila mwaka. Mtu akigawanya ataona tena ile 15 kwa 1. Lakini atakayesoma kwamba asali imetoka tani 5,000 ikafika 30,000 asidhani upesi kwamba nyuki wameongezeka mara sita. Huenda ni makarani walioongezeka.

Kazi ya kuwasaidia warina asali haikukosekana. Mwaka 1949 ilianzishwa idara ya nyuki katika Tanganyika, na F. G. Smith, aliyefanya kazi hiyo nchini, alitoa mwaka 1960 kitabu juu ya ufugaji wa nyuki katika nchi za joto ambacho kilisomwa mbali. Baada ya Uhuru wafuga nyuki wa Tabora walikuwa na chama chao cha ushirika, na asali yao ikafika mpaka Uingereza. Mjini Tabora kipo chuo cha kufundishia ufugaji wa nyuki. Mwaka 1998 Serikali ilitoa sera ya nyuki, na mwaka 2002 ikatunga sheria yake. Mizinga ya mbao, yenye fito juu ambazo nyuki hujenga masega yao chini yake, imeletwa ili gome libaki mtini. Si kila mtu aliyeipenda: yahitaji mbao, misumari na fedha, na wazee wengine husema nyuki huukimbia mzinga wenye harufu ya rangi. Wana haki katika hilo la mwisho. Mzinga usiopakwa rangi ndani huingiwa na nyuki upesi zaidi.

Lakini mbele ya mizinga hiyo yote limekuja jambo lililo kubwa kuliko mzinga wa gome, nalo ni tumbaku. Baada ya mpango mkubwa wa Waingereza wa karanga kushindwa, nao ulianza mwaka 1947 na Urambo ilikuwa mojawapo ya mahali pake, tumbaku ilishika nafasi katika nchi za magharibi ya Tabora, na baadaye ikaenea wilaya nyingi za mkoa, Uyui ikiwa mojawapo. Tumbaku huleta fedha, na nyumba nyingi za bati katika mkoa huo zimejengwa kwayo. Haifai kuidharau fedha hiyo mbele ya baba aliyesomesha watoto kwa ajili yake. Ila majani yake hukaushwa kwa moto ndani ya mabanda kwa siku kadhaa, mchana na usiku, na kuni zake hutoka katika miombo. Tena udongo wa miombo huchoka upesi, hivyo mkulima husogea na kufyeka mahali papya. Dawa za kuua wadudu wa shambani nazo hazimtambui nyuki kuwa rafiki.

Mti wa mtundu uliosimama hutoa maua yake msimu kwa msimu, na hakuna anayelipwa kwa hayo. Mti huo ukikatwa ukawa kuni, mtu hulipwa mara moja, na malipo yanashikika mkononi. Ndiyo maana shoka hushinda mara nyingi, hata katika mikono ya mtu anayejua thamani ya asali. Kakao ilipoingia Ghana, msitu ulikatwa ili zao lipandwe. Kwa asali haiwezekani hivyo, kwa kuwa msitu ndio shamba lenyewe, na kuupanda upya ni kazi ya maisha ya mtu. Jambo jema ni kwamba kisiki cha mtundu au cha muba, kisipochomwa moto wala kung'olewa, huchipua. Machipukizi yakiachwa, nyuki hurudi baada ya miaka kadhaa.

Kwa hiyo mwenye kutaka kujua habari za asali bila kusubiri vitabu, na apime njia. Zamani mizinga ilitundikwa karibu na vijiji, mahali ambapo mtu aliweza kwenda baada ya kula chakula cha jioni na kurudi kabla ya jogoo wa kwanza. Siku hizi warina asali wengi wa Tabora hufunga safari. Hupakia juu ya baiskeli unga, chungu, kamba na madumu matupu, huenda mbali katika mapori ya kusini na magharibi, hupiga kambi huko majuma kadhaa, na kurudi wakisukuma baiskeli kwa miguu kwa sababu ya uzito wa madumu. Wakifika nyumbani, jambo la kwanza wanaloulizwa na wenzao si bei ya asali, bali walikwenda mpaka wapi mwaka huu.